Sista Aliniuliza Nakula na Nani

Hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kitambi hakina kesi. Ajenti wa forodha mwenye tumbo huonekana mtu ambaye mizigo yake inapita. Mteja akishuka kutoka Kampala na kukuta maajenti wawili, mmoja mwembamba na mwingine kama mimi, makaratasi atanipa mimi. Ndiyo maana kwa miaka mingi hakuna aliyenishtua, si mke, si imamu, si jamaa zangu wa yadi. Nilipokaribia kilo 115, na mimi si mrefu, mita 1.70 tu, watu waliendelea kuniita bosi.

Kilichonishtua ni mashine ya presha. Daktari mmoja kule Mbale aliitazama, akaitazama tena, kisha akapiga hesabu ya uzito na urefu. Ilikaribia 40. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kuanzia 25 mtu amezidi uzito, na kuanzia 30 huo ni unene wa kupindukia. Nikapewa vidonge vya presha na karatasi ya masharti: punguza posho, yaani ugali, punguza chapati, acha soda, tembea. Hakuna neno katika karatasi ile ambalo mke wangu hakuwa amelisema bure, bila kunilipisha.

Masharti niliyafuata vizuri sana, mchana. Asubuhi chai ya rangi bila sukari, adhuhuri chai ya rangi bila sukari, na wenzangu wakila kikomando, chapati za kukatwakatwa na maharage, chini ya mwembe mimi napita kama nina haraka. Usiku ndio ulikuwa na mambo yake. Malori yanapokuwa yamepanga foleni na mzigo wangu unasubiri muhuri, nilikuwa naliegesha gari nyuma ya yadi, napandisha vioo, nazima injini. Kwanza rolex tatu, yaani zile chapati zetu zilizoviringishiwa mayai, kabeji na nyanya, za kijana asiyenijua vizuri. Halafu chipsi na robo kuku kutoka kibanda kingine, ili yule wa kwanza asione. Halafu soda, halafu biskuti za pakiti. Nilikula haraka, chapati ya pili naianza ya kwanza haijashuka, wala sikuwa naisikia ladha baada ya dakika ya tatu au ya nne. Nikimaliza nafuta usukani kwa leso, natupa karatasi kwenye pipa la mbali, naenda nyumbani. Na nyumbani nakula tena chakula cha jioni, nisije nikaulizwa kwa nini sili.

Sikujua kwamba jambo hili lina jina hospitalini. Nilidhani ni uroho, na uroho kwetu ni suala la aibu na dua. Kumbe mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa tano wa kutambua magonjwa, waliupa ulaji huu wa pupa nafasi yake wenyewe: mtu anakula chakula kingi kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na hatapiki baadaye kujisafisha. Mara nyingi anakula haraka, anajificha, na akimaliza anajichukia. Nilipoelezwa hayo nilicheka, maana ilikuwa kama mtu amekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari langu akiandika.

Aliyenieleza si daktari. Niliporudi kliniki sijapungua hata kilo moja, sista, muuguzi aliyekuwa akiandika uzito, aliniangalia kidogo, akauliza, "Mzee, chakula cha usiku unakula na nani?"

Nikamwambia na familia.

"Na kile kingine?"

Sijui alijuaje. Baadaye aliniambia hakujua, aliuliza tu. Alikuwa na umri wa binti yangu wa pili, na alikuwa amesomea ushauri nasaha zaidi ya uuguzi. Akanipa nafasi kila Jumatano mchana, katika chumba kilichopakana na cha chanjo, kwa hiyo mazungumzo yetu yote yalisindikizwa na vilio vya watoto wachanga. Mwanzoni viliniudhi. Baadaye niliona vinanisaidia, kwa sababu mtu aliyeko nje hawezi kusikia mzee akivuta makamasi.

Nilipomwambia binamu yangu kwamba naenda kuzungumza na mshauri, aliniuliza kama watanipeleka Butabika. Butabika ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala, na kwa watu wengi Uganda jina hilo ndilo mwanzo na mwisho wa kila kinachohusu akili. Ukiwa huokoti makopo barabarani, wewe ni mzima. Ukiwa unayaokota, Butabika. Katikati hapana kitu. Sikumjibu, ila siku hiyo niliegesha gari mbali na kliniki.

Nilitarajia sista anihubirie juu ya mafuta. Hakufanya hivyo. Aliniuliza juu ya Ramadhani.

"Mwezi wa mfungo unakula vipi, baba?"

Nikamweleza: tende, uji, sambusa moja au mbili msikitini, sala, kisha nyumbani chakula cha kawaida, halafu tarawehe. Na usiku kwenye gari? Nikanyamaza, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nililiona jambo hilo. Mwezi mzima wa Ramadhani sikuwa naegesha nyuma ya yadi. Mwezi ambao nina njaa kuliko miezi yote ndio mwezi ambao sili kama mwizi. Alinitahadharisha nisifanye kanuni ya jambo hilo, kwa sababu kwa watu wengi wenye tatizo kama langu kushinda na njaa ndiko hasa kunakowasha moto jioni, na saumu huwa mtihani mgumu kwao. Hata kwangu mimi, zile siku za chai ya rangi zilikuwa sehemu ya ugonjwa. Lakini Ramadhani kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka kulikuwa na watu.

Hapo ndipo aliponieleza njia aliyotaka tuifuate. Ni tiba ya mazungumzo inayochimba mahusiano ya mtu na wenzake. Inaangalia milango minne: msiba, ugomvi, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Ina mwanzo na mwisho, si ya kuzungumza mpaka kiama. Nikamuuliza kama hayo si mambo ya Wazungu, wenye nafasi ya kulala kwenye kochi. Akaniambia nimeuliza swali hilo katika nchi isiyofaa, kwa maana tiba hii, ingawa ilianzia Marekani, imepimwa hapa hapa. Mwaka 2002 watafiti waliipeleka vijijini Masaka na Rakai kwa watu wenye sonona, vijiji 30 kwa jumla, vingine vikiwa vya kulinganisha tu, vikundi vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, kila wiki kikao cha muda wa saa moja na nusu, kwa wiki 16. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa huko huko waliofunzwa kwa wiki mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, watu 86 kati ya kila 100 katika vikundi vile walikuwa na dalili kamili za sonona. Mwishoni walibaki kama 6 au 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walibaki zaidi ya nusu. Hiyo ilikuwa sonona, si ulaji, alisisitiza. Ila huko Marekani njia hii ilijaribiwa pia kwa ulaji wa pupa, ikashindanishwa na ile tiba inayorekebisha fikra na mazoea, na zote mbili zilisaidia karibu sawa.

Mimi ni mtu wa makaratasi. Ukinionyesha hati imepita sehemu nyingine na muhuri wake, hata mimi nitagonga.

Alianza kwa kuchora. Akaniweka katikati ya karatasi, akaniambia nitaje watu walio karibu nami. Nikataja wengi, karatasi ikajaa: madereva, maajenti, watu wa swala ya Ijumaa, ndugu wa Bombo. Kisha akasema nizungushie duara wale ambao ningewaambia siku ningepoteza mzigo wa watu. Kalamu ikabaki mkononi.

Mabadiliko ya maisha tuliyapata upesi. Mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilianza utaratibu wa himaya moja ya forodha, ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa unamalizwa mzigo ukiwa bado Mombasa. Kwa mfanyabiashara ilikuwa neema. Kwa sisi maajenti wa mpakani ilikuwa kama bahari kukupwa, siku moja una kazi kumi, siku nyingine unahesabu malori yanayopita bila kukuhitaji. Nilikuwa naondoka nyumbani asubuhi na shati la pasi, nashinda ndani ya gari, narudi jioni nimechoka kwa kukaa. Mke wangu hakujua kwa muda mrefu. Kazi baadaye ilirudi, si kama zamani, lakini ilirudi. Gari nalo lilikuwa limekwisha kuwa chumba changu cha kulia.

Mlango wa msiba tuliuzunguka kwanza. Sista hakuulazimisha.

Nilikuwa na mdogo wangu. Tulikulia kambi ya polisi Jinja, baba akiwa sajini, kambi ambayo Waacholi, Walugbara, Waganda na sisi Wanubi tulielewana kwa Kiswahili tu. Mimi na yeye tulikula sinia moja tangu tunaanza kutembea. Gurusa ya mama, mkate wetu wa Kinubi, ilikatwa katikati na ugomvi wetu ulikuwa nani amekata. Alipokuwa mtu mzima akaenda kuendesha gari za mizigo njia ya Masaka. Mwaka 1997 alirudi Bombo kwa mama akiwa amekwisha, mkono wake naushika kwa vidole viwili.

Wakati ule UKIMWI Uganda tuliuita Slim. Ulikuwa umeonekana kwanza Kasensero, wilaya ya Rakai, mwaka 1982, na kila ukoo ulikuwa na kaburi lake. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa za wenye pesa. Za bure zilianza kuwafikia watu wengi mwaka 2004. Kwetu hatukuutaja. Tulisema TB. Mama aliamini kwamba akila atapona, kwa hiyo alipika. Samaki wa kukaanga, wali, supu ya kongoro, sahani inaingia chumbani imejaa. Mdogo wangu hakuweza kumeza, kinywa chake kilikuwa na vidonda mpaka kooni. Sahani ikirudi vile vile, mama anakaa jikoni na kufunika uso kwa kanga. Basi mdogo wangu akaniambia, kwa ile sauti yake ya mwisho mwisho, "Kaka, nimalizie."

Nikawa namalizia. Mama akitoka uani, nainama kando ya kitanda nakula haraka haraka kabla hajarudi, naye ananitazama, wakati mwingine anacheka. Sahani lazima irudi tupu. Mama alifurahi, aliwaambia majirani kwamba mtoto sasa anakula. Mdogo wangu alifariki mwaka uliofuata, na mimi ndani ya miezi ile nilikuwa nimenenepa.

Nilipomaliza kusema hayo kule kliniki, sista hakuruka kusema kwamba sasa tumepata chanzo. Nilimheshimu kwa hilo. Alikaa kimya kidogo, mtoto wa chumba cha pili akalia sindano yake, kisha akaniuliza, "Mama anajua?" Mama yangu yuko hai, ana miaka zaidi ya themanini, na hakuwa anajua.

Na bado kulikuwa na lingine. Matangani nilimsikia jirani mmoja akinong'ona kuhusu binamu yetu mwingine aliyekonda kwa kuhangaika na mgonjwa, kwamba naye ndiyo safari hiyo hiyo. Mama alisikia pia. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda Bombo alikuwa akinishika kifundo cha mkono kama anayesalimia, huku anapima. Akanipakulia, akasema, "Kula, watu wakuone." Kitambi changu hakikuanza kama kitambi cha mali. Kilianza kama cheti cha afya. Wengi wa rika langu wanaelewa ninachosema, hata kama hawatakisema. Vijana wanaotushangaa kwa nini tunasifu unene hawakuiona miaka ile.

Sista alinipa kazi mbili za nyumbani. Ya kwanza daftari. Hakutaka niandike kalori. Alitaka saa, mahali, chakula, nani yupo, na kilichotokea kabla. Ukurasa mmoja ninao mpaka leo: "Saa tatu usiku. Gari, nyuma ya yadi. Rolex tatu, chipsi, soda mbili. Peke yangu. Kabla: tajiri wa saruji amenipigia, amesema nimezeeka." Kurasa zilipojaa nikaona kwamba njaa haikuwa sababu mara nyingi kama nilivyodhani. Ilikuwa simu, au karatasi iliyorudishwa, au Ijumaa tu, siku aliyofariki mdogo wangu. Akaniambia pia nile asubuhi, nile adhuhuri, nile jioni, na nisipitishe muda wa masaa manne bila kitu tumboni, hata kama ni muhogo wa kuchemsha na chai. Nilimwona amechanganyikiwa. Mtu wa kilo 115 unamwambia ale zaidi? Lakini ndani ya muda mfupi ile kiu ya usiku ilipungua makali. Hii sehemu haina ajabu na sina mengi ya kuisimulia. Inafanya kazi, basi.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu: nimwambie mtu mmoja. Nilimwambia mke wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima, tumeifanyia mazoezi na sista, yeye akijifanya mke wangu na kunikatiza. Nyumbani sikufika nusu.

"Nilijua," mke wangu alisema. "Mashati yako anafua nani?"

Kumbe harufu ya vitunguu na mafuta ya chipsi alikuwa akiikuta kwenye mikono ya mashati kwa miaka, na alidhani nina nyumba ya pili ambako mwanamke ananipikia. Alikuwa amenyamaza na mwanamke huyo asiyekuwepo. Tulicheka, kisha hatukucheka. Kuanzia hapo, usiku mzigo ukichelewa, nampigia simu, na mara nyingine anakuja na chakula cha nyumbani kwenye hotipoti tunakula pamoja kwenye gari lile lile, vioo vimeshushwa.

Kwa mama nilichelewa zaidi. Nilimkuta Bombo anachambua mchele, nikamwambia habari ya sahani. Aliendelea kuchambua. Halafu akalitaja jina la utotoni la mdogo wangu, jina ambalo nyumbani halikuwa limetamkwa tangu mazishi, akasema, "Yule alikuwa haoni raha ya mchicha tangu mdogo, na sahani ilikuwa inarudi haina mchicha. Unadhani sikujua?" Tulizungumza mpaka magharibi. Tulimsema kwa mazuri na kwa ukaidi wake pia, deni la pikipiki ambalo hakulipa, wasichana wake wa Masaka. Sista alikuwa ameniambia kwamba marehemu anayesifiwa tu hazikiki, na ingawa sikupenda neno hilo kwa heshima ya dini, alikuwa amesema kweli.

Mtu akiniuliza kilo, namjibu: sijafika hata nusu ya alizotaka daktari. Nilishuka mpaka 106 na hapo nimekaa. Sista alinionya mapema kwamba tiba hii, na zile nyingine za mazungumzo, huondoa ulaji wa pupa kuliko zinavyoondoa uzito, na utafiti unasema hivyo hivyo. Daktari haridhiki, na ana haki yake. Presha imetulia, lakini nameza vidonge na nimepunguza chumvi, kwa hiyo sitayapa mazungumzo sifa za vidonge vya amlodipini. Ninachojua ni kwamba usiku wa nyuma ya yadi ulikuwa karibu kila siku, na sasa mwezi unaweza kupita. Ukitokea, naandika, naendelea.

Tena si kila mnene anahitaji chumba cha sista. Shemeji yangu ananishinda kwa uzito, anakula polepole mezani, anacheka, analala. Ukimpeleka kuzungumza juu ya msiba utampotezea mchana. Yeye anahitaji kutembea na kuacha soda, na hilo ni shauri lake.

Jambo ambalo karatasi ya daktari haikulifikiria ni hili la kupungua mbele za watu. Kola ilipolegea, jamaa wa yadi walianza kuniuliza taratibu, "Bosi, afya iko?" Mteja mmoja wa siku nyingi alianza kupeleka hati kwa mwingine. Sista alilitegemea, tukawa tumefanya mazoezi ya jibu: nimeagizwa na daktari, na nimepima, majibu ninayo. Nalitoa kwa sauti ya kawaida, kama ninayetaja namba ya lori. Wawili kati ya walioniuliza baadaye walinivuta pembeni kuuliza kliniki yenyewe iko wapi. Mmoja alitaka kujua kama kuna sindano.

Sista sasa amehamishiwa wilaya nyingine, mbali. Vikao vyetu vilikuwa vimekwisha, lakini tulikubaliana kupigiana simu nikikaribia jambo gumu, na jambo gumu limekaribia: binti yangu wa pili anaolewa baada ya Idi, Bombo, siku tatu za pilau. Baba wa bibi arusi hutengewa sinia lake ndani, peke yake, kwa heshima. Nimemwambia mama sitaki sinia la peke yangu, nataka akae nami tule pamoja. Amekubali, kwa sharti kwamba kupakua atapakua yeye.